Pilipili ya nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ninapopeleka chupa ya pilipili kwenye shughuli, iwe harusi au khitma, narudi na chupa tupu na maswali kibao. Mengine huja kwa simu usiku, mtu yuko jikoni na sufuria inatokota mbele yake. Hapa nimeyakusanya yale yanayojirudia zaidi. Mimi ni mtu wa Tanga na nimejifunza kwa mama, kwenye kinu, kwa hiyo njia nyingi utakazozikuta ni za pwani.

Kuna jambo moja utaliona linarudi kila mahali: adui wa pilipili ya nyumbani ni maji. Ikichacha, ikiota ukungu, ikipoa ladha au ikikaa kama supu, tafuta maji yalipoingilia.

## Kabla ya kuwasha jiko

Nitumie pilipili ipi: mbuzi, kichaa au ndefu?

Kwa pilipili ya kupika, mimi natumia mbuzi, na sababu ni harufu yake. Ikate moja uinuse. Ndani yake kuna harufu ya tunda lililoiva, na harufu hiyo haipotei ukiipika kwa moto wa wastani. Ni jamii moja na zile zinazoitwa habanero na Scotch bonnet kwingineko duniani. Kwenye kipimo cha ukali alichokibuni mfamasia Mmarekani Wilbur Scoville mwaka 1912, jamii hii hufika kati ya 100,000 na 350,000.

Pilipili kichaa, zile ndogo nyembamba zinazosimama zikitazama juu mtini, huwa kama 50,000 hadi 100,000. Ukali wake unakuja ghafla na kuondoka mapema. Zinafaa sana kwenye ndimu na siki, ambako zinakaa nzima. Pilipili ndefu nyekundu ina ukali wa wastani na ngozi nyembamba inayokauka vizuri, kwa hiyo iweke kwa ajili ya unga.

Ukinunua fungu sokoni, geuza kila moja utazame kikonyo. Kikonyo kibichi cha kijani maana yake imechumwa karibuni. Kikiwa cheusi na kinanyofoka kwa urahisi, ndani imeanza kuoza hata kama ngozi inang'aa.

Hoho, manga, mbuzi: mbona zote zinaitwa pilipili?

Jina ni la zamani kuliko mmea wenyewe kwetu. Neno lilikuja na biashara ya Bahari ya Hindi, ni ndugu wa filfili ya Kiarabu na pippali ya Kisanskriti, na lilikuwa likitaja zile punje nyeusi, yaani pilipili manga. Manga ni Uarabuni, hasa upande wa Maskati. Hii inayowasha asili yake ni Amerika, na Wareno ndio walioisambaza pande hizi baada ya meli zao kufika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Ilipofika ilikuta jina liko tayari. Ile piri-piri ya Msumbiji na Ureno ni neno hilihili.

Hoho ni jamaa ya mbuzi, ila haiwashi kabisa. Usiidharau kwenye sufuria; ndiyo inayoipa pilipili ya kupika unene na utamu.

Nitoe mbegu ili isiwashe sana?

Kutoa mbegu peke yake hakusaidii sana. Kinachowasha kinaitwa kapsaisini, na kinatengenezwa kwenye ule utando mweupe unaozishika mbegu. Mbegu huwasha kwa sababu zimegusana nao. Ukitaka kupunguza ukali, pasua pilipili katikati, pitisha ncha ya kijiko cha chai kutoka kwenye kikonyo kwenda chini, ung'oe utando wote na mbegu zake kwa pamoja. Harufu itabaki na ukali utashuka sana.

Mikono inawaka moto. Nimenawa mara tano lakini wapi.

Kapsaisini haiyeyuki kwenye maji, inayeyuka kwenye mafuta. Jipake mafuta ya kupikia mikono mikavu, sugua kila kidole na chini ya kucha kwa dakika nzima, kisha nawa kwa sabuni ya vyombo. Rudia. Ukinawa maji matupu unaisambaza tu hadi kwenye viganja vya mikono ambavyo vilikuwa salama.

Vaa glavu ukikata zaidi ya pilipili tano. Usiguse macho, usimnyonyeshe mtoto wala usimnawishe kabla hujafanya hiyo ya mafuta. Mwenye kuvaa lenzi za macho azitoe kabla hajaanza kukata, asingoje baada.

## Pilipili ya kupika

Naomba njia yako ya msingi, tena kwa vipimo.

Hii inatoa karibu chupa mbili za nusu lita, ukiipika vizuri hadi ikazike:

- Pilipili mbuzi 10 (ukiwa mgeni, anza na 4)
- Nyanya zilizoiva, kilo 1
- Karoti 3, hoho 1 nyekundu, kitunguu maji 1 kikubwa
- Kitunguu saumu punje 8, tangawizi ukubwa wa kidole gumba
- Mafuta ya kupikia vijiko vikubwa 5
- Siki nyeupe nusu kikombe
- Chumvi vijiko vya chai 2, sukari kijiko cha chai 1

Osha kila kitu kikiwa kizima, kisha kianike juu ya ungo mpaka kikauke ndipo ukate. Kaanga kitunguu maji kwenye mafuta vijiko viwili mpaka kilegee, bila kukipa rangi. Tia karoti iliyokwaruzwa, hoho, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili. Geuza kwa dakika tano, dirisha likiwa wazi. Tia nyanya na chumvi, funika, uache zitoe maji yake zenyewe. Usiongeze hata tone. Karoti ikishalainika, epua ipoe, kisha usage.

Sasa ndiyo kazi yenyewe. Safisha sufuria, tia mafuta yaliyobaki, yapate moto, umimine ulichosaga. Moto uwe mdogo. Kwa dakika kumi za kwanza itachemka kama uji mwepesi. Halafu mlio unabadilika: povu linakuwa zito, linapasuka taratibu na kurusha, kwa hiyo funika nusu na ushike mwiko wenye mpini mrefu. Koroga hadi chini. Baada ya dakika 30 hivi, pitisha mwiko katikati ya sufuria. Kama njia inabaki wazi na unaona chini kwa muda kabla haijajifunga, na mafuta mekundu yamejitenga pembeni, imeiva. Tia siki na sukari, iache itokote dakika tano tena, onja chumvi, epua.

Ipakie kwenye chupa ikiwa bado ya moto. Namna ya kuandaa chupa iko kwenye sehemu ya kuhifadhi.

Hii ina tofauti gani na chachandu?

Ni ndugu. Chachandu ya Dar es Salaam, ile unayomwagiwa juu ya mihogo ya kukaanga pale Coco Beach, kwa kawaida ni nyepesi, ina nyanya na karoti nyingi, ukali kidogo, na inaliwa siku hiyohiyo. Wengine huikoleza kwa unga wa ngano au wanga. Kwa mezani haina ubaya, lakini usiihifadhi kwa wiki, kwa sababu uzito wake umetoka kwenye unga na maji yote bado yamo ndani.

Kwa nini yangu ina ladha ya nyanya mbichi?

Umeepua mapema. Karibu kila anayeniuliza hili huniambia alipika dakika kumi na tano baada ya kusaga. Rudisha jikoni uendelee mpaka uone ile alama ya mwiko. Kama sukari imeshaingia, punguza moto zaidi, maana itashika chini.

Nisage kwa blenda au nitwange kwenye kinu?

Kwa pilipili ya kupika, blenda inatosha. Acha mchanganyiko upoe kwanza. Ukisaga kitu cha moto huku kifuniko kimebana, mvuke unakirusha na pilipili inaishia usoni. Na usitie maji ili blenda izunguke. Tia siki kidogo kutoka kwenye ile nusu kikombe.

Kwa pilipili mbichi ya ndimu au ya embe, mimi siachi kinu. Mchi unaponda, hausagi kuwa maji, na chembe zinazobaki ndizo zinazokupa ukali mahali pamoja na utamu mahali pengine. Mama alikuwa anatia chumvi ya mawe kinuni kabla ya pilipili, ikawa inakwaruza ngozi. Hadi leo sijaona mashine inayofanya vile.

Imekuwa kali mno. Inaokoka?

Inaokoka. Usiongeze maji wala chumvi. Pika sufuria ya pili ya nyanya, karoti na hoho bila pilipili hata moja, ipungue hadi ikazike, kisha changanya na ile kali kidogo kidogo ukionja. Sukari haiondoi ukali, inaufunika tu kwa muda. Onja kwa kipande cha muhogo au mkate, kwa sababu ulimi ukishaonja mara ya nne kwa kijiko kitupu haujui tena unachokisema.

Rangi imekuwa kahawia badala ya nyekundu.

Mara nyingi ni kitunguu kilichoungua mwanzoni, au moto mkali mwishoni. Kuchanganya pilipili za kijani na nyekundu nako kunaleta kahawia. Kama una za kijani tupu, pika nazo peke yake pamoja na hoho la kijani na ndimu, bila nyanya.

Naweza kutumia sufuria yoyote?

Kupikia, ndiyo. Lakini siki, ndimu na ukwaju hula alumini, kwa hiyo usiache pilipili ilale ndani ya sufuria ya alumini. Ladha inakuwa ya chuma. Ihamishe kwenye chungu au bakuli la kioo mara unapoepua.

## Njia nyingine

Pilipili ya ukwaju inatengenezwaje?

Loweka ukwaju robo kilo kwenye maji ya moto kikombe kimoja na nusu, uache nusu saa, ukamue kwa mkono, uchuje. Chemsha maji hayo na pilipili kichaa tano zilizopondwa, chumvi, kijiko kikubwa cha sukari guru, na kijiko cha chai cha bizari nyembamba iliyokaangwa kavu na kusagwa. Ipungue mpaka ishike kwenye kijiko. Ni ya mishkaki, bhajia na viazi karai. Hapa maji ni ya lazima, kwa hiyo ikae kwenye friji na iishe ndani ya wiki.

Ya embe bichi je?

Msimu wa embe ukianza tu, tafuta embe changa ambazo kokwa bado ni laini. Menya, kwaruza, tia chumvi, uache saa moja, kisha zikamue hasa, kwa kitambaa safi. Utashangaa maji yatakayotoka. Pika embe hizo kavu na pilipili mbuzi tatu, kitunguu saumu, mafuta, uwatu kidogo na haradali kijiko cha chai, kwa dakika kumi na tano. Bila kukamua, hutapata pilipili ya embe, utapata mchuzi wa embe.

Wapo wasiopika kabisa: embe bichi, chumvi na pilipili ya unga, basi. Hiyo ni ya kutafuna barazani na haina haja ya maelezo.

Na ile ya ndimu na chumvi isiyoguswa moto?

Hii ndiyo inayopikwa na jua. Chukua ndimu 12, zioshe, zikaushe, zikate vipande vinne bila kuachanisha mwisho. Jaza kila moja chumvi, uzipange kwenye chupa ya kioo na pilipili kichaa zilizotobolewa kwa sindano. Kamulia ndimu nyingine juu mpaka zifunikwe. Anika chupa juani mchana, iingize ndani usiku, uitikise kila siku. Ndani ya wiki tatu au nne ngozi ya ndimu inalainika na uchungu unaisha. Kitu pekee cha kuangalia ni kwamba kila kipande kimezama. Kinachochungulia juu ndicho kinachoota ukungu.

Pilau bila hii kwangu haijakamilika.

Chatini ya nazi inahesabika kama pilipili?

Mezani, ndiyo. Nazi iliyokunwa, pilipili mbichi mbili, ndimu, chumvi, kitunguu saumu punje moja na giligilani ukipenda, vyote visagwe pamoja. Ndiyo inayokaa juu ya urojo wa Zanzibar na pembeni ya kababu. Nazi inachacha upesi, na kwenye joto la pwani chatini ya asubuhi haifiki jioni. Tengeneza ya kula saa hiyo.

Nataka pilipili ya mafuta, kama ile ya matone.

Ile ya matone inayojulikana zaidi ni Akabanga ya Rwanda, yenye kichupa kidogo kama cha dawa ya macho. Congo nako, kuanzia Goma hadi Lubumbashi, pilipili iliyokaa kwenye mafuta ni kitu cha kila meza. Nyumbani fanya hivi: pasha mafuta kikombe kimoja mpaka kipande cha kitunguu ukikidondosha kinatoa vipovu taratibu, epua, hesabu dakika mbili, kisha mimina juu ya pilipili kavu zilizovunjwa vijiko vikubwa vinne na chumvi kidogo. Yakitoa moshi, ngoja zaidi. Pilipili iliyoungua ni chungu na haina dawa.

Natumia pilipili kavu kwa makusudi. Pilipili mbichi au kitunguu saumu kibichi kikizama ndani ya mafuta, kinakuwa na maji yake na hakipati hewa, na hapo ndipo bakteria aitwaye Clostridium botulinum anapoweza kutoa sumu. Sumu hiyo haina harufu wala haibadilishi rangi, na inaua. Kwa hiyo ukitumia vibichi, tengeneza kidogo, weka kwenye friji, uile ndani ya siku nne, kinachobaki mwaga. Hapa sina mzaha na yeyote.

Pilipili ya unga nikaushe vipi bila kikaushio?

Jua la siku tano hadi saba juu ya ungo, ukifunika kwa neti dhidi ya nzi, na kuingiza ndani kabla ya umande. Ziko tayari zinapolia kama njuga ukizitikisa na kuvunjika bila kupinda. Kama zinapinda, bado. Kaanga kavu kwa sekunde chache, sio zaidi, dirisha wazi na watoto wakiwa nje, maana moshi wake unakaba kifua cha nyumba nzima. Saga zikipoa, na usifungue kifuniko mara moja. Vumbi lipe dakika tano litulie.

Unga huu na ndimu ndivyo vinavyopakwa kwenye muhogo wa kuchoma pale Mama Ngina, Mombasa.

Kuna ya kuchachusha kwa chumvi, bila siki?

Ipo, na ladha yake ni ya kina kuliko zote. Kwa kila kilo ya pilipili iliyopondwa, tia gramu 30 za chumvi, pima kwa mizani. Shindilia kwenye chupa ya kioo mpaka maji yake yapande juu, weka kitu kizito kisafi juu yake, funika bila kukaza. Itatoa vipovu kwa siku kadhaa. Huo ni uhai, si uharibifu. Katika joto letu siku saba hadi kumi zinatosha. Saga, kisha weka kwenye friji. Utando mweupe bapa juu unaweza kuukomba. Ukungu wenye manyoya, wa kijani, mweusi au wa waridi, ukiuona mwaga chupa nzima.

## Kuhifadhi

Chupa naiandaaje?

Tumia kioo. Osha kwa sabuni, ichemshe ndani ya maji dakika 10, kifuniko nacho, kisha igeuze kichwa chini juu ya kitambaa safi mpaka ikauke yenyewe. Usiifute ndani. Mwaka mmoja niliharakisha kwa ajili ya Idi, nikajaza chupa sita, mbili zikiwa bado na matone ndani. Siku ya nne hizo mbili zilikuwa na duara la ukungu juu kabisa, kwenye shingo, palepale matone yalipokuwa yamening'inia. Nne zilizokuwa kavu zilimaliza mwezi.

Inakaa muda gani?

Ya kupika yenye siki, mwezi hadi miezi miwili kwenye friji, ukichota kwa kijiko kikavu. Ya ndimu na chumvi, miezi mingi. Ya kuchachusha, miezi kadhaa kwenye friji. Unga, hata mwaka, japo harufu inapungua. Ya ukwaju, nazi, na mafuta yenye vibichi, nimeshataja kila moja mahali pake.

Kijiko kilichotoka kwenye mchuzi kikiingia kwenye chupa, hesabu zote hizi zimevunjika.

Sina friji. Nitengeneze ipi?

Ya ndimu na chumvi, na unga. Ya kupika, pika ya siku mbili tatu tu, na uichemshe tena kila jioni. Usidanganywe kwamba safu ya mafuta juu inailinda. Soma tena jibu la pilipili ya mafuta.

Kifuniko kimevimba, au kimelia nilipofungua.

Kama si ya kuchachusha, mwaga. Usionje kwanza.

Majirani wanataka kununua. Naweza kuuza?

Viwango vya chakula cha kufungasha vinasimamiwa na mashirika ya viwango: Tanzania Bara ni TBS, Zanzibar ni ZBS, na Kenya ni KEBS. SIDO, shirika la viwanda vidogo la Tanzania, husaidia wajasiriamali wadogo kwenye mafunzo ya usindikaji na vifungashio, anzia huko. Jambo la kujifunza kabla ya lebo na rangi ya kifuniko ni kupima asidi: pilipili ya chupa inatakiwa iwe na pH (kipimo cha asidi; namba ikishuka, asidi imezidi) chini ya 4.6, na wazoefu hulenga chini zaidi. Siki ya dukani yenye asidi asilimia 5 ndiyo ya kutumia. Siki iliyozimuliwa kwa maji, ile inayouzwa kwenye chupa zisizo na lebo, haikuhakikishii chochote.

## Maswali ya pembeni

Nimekula kali mno. Ninywe nini?

Maziwa au mtindi. Protini ya maziwa huibeba kapsaisini na kuiondoa mdomoni. Maji na soda haviifanyi kitu. Wali mtupu au mkate nao unasaidia. Vumilia dakika kumi hadi kumi na tano. Hakuna kinachoungua kweli. Kapsaisini inagusa kipokezi kilekile cha neva kinachopokea joto kali, kuanzia nyuzi 43 hivi, na ubongo unaamini ni moto. Mwanasayansi David Julius alikigundua kipokezi hicho mwaka 1997, na akashiriki Tuzo ya Nobel ya 2021. Ndege hawahisi kabisa, ndiyo maana kuku wanadonoa pilipili kichaa shambani bila kusita.

Pilipili inaleta vidonda vya tumbo?

Vidonda vya tumbo huletwa zaidi na bakteria Helicobacter pylori na dawa za maumivu za jamii ya aspirini na ibuprofeni. Barry Marshall na Robin Warren walipewa Nobel mwaka 2005 kwa kumgundua huyo bakteria na kazi yake. Lakini mwenye kidonda au kiungulia tayari, pilipili inaweza kumtesa, basi aiache na amwone daktari. Mjamzito anayezoea anaweza kuendelea kwa kiasi, kiungulia ndicho kitakachomwambia asimame wapi.

Niko ughaibuni, sipati pilipili mbuzi.

Ulaya na Marekani tafuta habanero, au Scotch bonnet kwenye maduka ya watu wa Karibiani na Afrika Magharibi. Nyanya za huko mara nyingi zina maji na hazina utamu. Tumia za kopo, zile nzima, na utapika kwa muda mfupi kidogo. Ndimu kavu nyeusi za Oman hazishiki nafasi ya ndimu mbichi kwenye chupa ya jua, ila moja ikitobolewa na kutupwa ndani ya pilipili ya ukwaju wakati inatokota, inakupa harufu nzuri sana.

Wamarekani wakisema wanapika "chili", wanamaanisha hii?

Hapana. Hiyo ni kifupi cha chili con carne, mchuzi mzito wa nyama ya ng'ombe na pilipili kavu, na kwao ni Texas. Bunge la jimbo hilo liliutangaza kuwa chakula cha jimbo mwaka 1977. Mji wa San Antonio ulikuwa na akina mama waliouza chili viwanjani usiku, na wakaitwa malkia wa chili. Huko Cincinnati, Ohio, wahamiaji kutoka Macedonia waliifanya iwe na mdalasini na kuimwaga juu ya tambi.

Kuipika ya Texas kwako ni rahisi. Pilipili ndefu kavu 8, kaanga kavu kidogo, loweka maji ya moto nusu saa, saga na kitunguu saumu punje 6 na bizari nyembamba kijiko kikubwa. Kaanga nyama kilo moja, vipande vya sentimeta mbili, kwa mafungu ili ipate rangi. Ukiijaza yote kwa pamoja inatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika. Rudisha yote sufuriani na ulichosaga, maji ya kufunika tu, moto mdogo saa mbili hadi nyama ikatike kwa mwiko. Inakwenda vizuri na ugali.

Na maharage? Nimeona wengine wanatia.

Texas wanakataa, kwingine Marekani wanatia. Ukipenda, tia, lakini yachemshe kwanza kivyake. Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili inayotapisha na kuharisha, na moto mdogo wa sufuria ya chili hauiondoi. Loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, tia mapya, yachemke kwa nguvu nusu saa, halafu endelea mpaka yaive kabisa. Yaingie kwenye chili dakika 20 za mwisho, yakiwa yamechujwa maji yote.